Antena Iliyoelekea Matema

Babu yangu mzaa baba aliishi na mama yangu kiwanja kimoja kwa miaka ishirini na sita bila kumtazama usoni. Hawakuwa na ugomvi. Kwetu Ngonga, mwanamke aliyeolewa humheshimu baba wa mumewe kwa kumkwepa: hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke ndiye anayepinda. Familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimeanza kulegeza heshima hiyo, lakini mama na babu waliishika, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye asiyetaka iachwe. Babu akiketi mbele ya nyumba yake ndogo, mama alizunguka nyuma ya migomba na kuingia kwetu kwa mlango wa jikoni. Kanisani babu alikaa benchi la mbele, na kwaya aliyoimbia mama ilisimama nyuma kabisa. Babu hakuwahi kugeuka.

Walikuwa na mambo ya kuambiana, na yote yalipita kwangu. Nilipokuwa mdogo mama alisema, hatua kumi tu kutoka alipokaa babu, "Mwambie babu chakula kiko tayari." Nilikwenda hatua hizo kumi nikasema, "Babu, chakula kiko tayari." Babu, aliyekwisha kusikia, alijibu, "Mwambie mama yako nimeshukuru." Nami nikarudi. Sikuona jambo la kuchekesha humo. Nilifikiri kila nyumba ina mtoto wa kazi hiyo.

Haya nayaeleza kwa sababu ya antena.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya jiografia. Kaka zetu waliotutangulia chuoni walimaliza na kupangiwa kazi. Sisi tulimaliza wakati serikali imeacha kupanga, tukapewa vyeti na kutakiwa heri. Asubuhi niliandika barua za maombi, na mchana nilizisoma upya nikitafuta neno lililoniharibia. Soko lilikuwa limefunguliwa. Kyela mjini ungepata redio za kila rangi, baiskeli zisizojulikana zimetoka nchi gani, na televisheni kuukuu zilizopita mikono mingi. Baba aliuza kakao vizuri msimu huo akarudi na moja, ndogo, ya picha zisizo na rangi, pamoja na betri ya gari ya kuiendeshea kwa sababu umeme haukuwa umetufikia. Antena hakununua. Alinitazama juu ya chakula na kusema, "Hiyo kachague wewe. Wewe ndiye msomi."

Siku nzima niliifikiria sentensi hiyo. Je, alikuwa ananiamini, au alikuwa ananikumbusha kwamba sina kazi nyingine?

Kisha ikaja habari ya kwaya. Kwaya ya mama ilikuwa imekwenda Mbeya kurekodiwa, na ujumbe ulifika usharikani kwamba itaonyeshwa Jumapili ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Jioni hiyo babu aliniita. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu mweupe, na la kushoto lilikuwa limeanza.

"Mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa babu na mjukuu, "nasikia watawaonyesha wanakwaya kwenye hilo sanduku lenu."

Nikasema ndivyo.

"Nataka nimwone mtu aliyenipikia miaka yote hii. Kabla hili la kushoto nalo halijafunga."

Nilimwuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba mama yuko nyuma ya mlango, kama kumtazama kwenye televisheni hakutakuwa ndiko kumtazama.

"Nimelifikiria hilo," alisema. "Yule wa kwenye kioo hanioni. Hataona haya."

Basi ikawa hivyo. Nikichagua antena mbaya, babu atafunga macho bila kumwona mama. Nikichagua nzuri, sikujua nitakuwa nimemfanyia mama nini. Nilichukua daftari nikaandika maswali kumi na moja kuhusu antena, kwa kuwa hayo ndiyo niliyojua kuyauliza.

Mwenye duka mjini Kyela alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walifika kutoka Pwani na biashara ya nguo. Kiswahili chake kiliteleza kiasi kwamba chetu, ambacho tulijifunza baada ya Kinyakyusa, kilionekana kinachechemea. Antena mbili zilining'inia darini kati ya ndoo za plastiki na matairi ya baiskeli. Moja ilikuwa pana, yenye fito chache ndefu kama mikono iliyonyooshwa. Nyingine ilikuwa nyembamba, yenye vijiti vingi vifupi vilivyopangwa mgongoni mwake mithili ya miiba ya samaki.

Nilimwamkia, akaitikia, nikafungua daftari. Niliuliza wingi wa fito una maana gani, kwa nini nyingine ndefu na nyingine fupi, waya mrefu unapunguza nguvu kiasi gani, na kama busta inaongeza picha au inaongeza chenga tu. Alijibu manne ya kwanza. La tano likamchosha.

"Sasa niulize mimi moja, mwanangu. Unataka kumwona nani?"

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Niliona aibu kusema namtafuta mama yangu. Nikasema nataka vituo vyote.

"Mtu wa vyote mpe kubwa," alisema, akaishusha ile pana. "Ikikataa irudishe. Ila usinipindie fito zangu."

Niliifunga juu ya baiskeli kwa mipira. Njia nzima hadi Ngonga watu waliniuliza nakwenda kukausha nini, kwa kuwa ilifanana na chanja ya samaki. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda mpunga aliinua mgongo na kusema kwamba chanja yangu ina matundu makubwa, usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wote wataanguka. Nilitabasamu, kisha nikaanza kuhesabu upana wa matundu.

Tuliisimamisha kwenye mwanzi mrefu karibu na dirisha la sebuleni. Nilikata mwanzi mkavu, maana niliogopa kwamba mbichi wenye maji unaweza kumeza mawimbi. Sikuwa na ushahidi wowote. Baba aliwasha. Tulipoigeuzia kusini, ziwani, picha ikaja safi kama maji ya asubuhi: mtangazaji mwenye tai, anasoma habari kwa Kiingereza, kisha wanawake wakiimba na kucheza ngoma kwa lugha ya ng'ambo. Ilikuwa ni Malawi. Kati yetu na kile kituo cha ng'ambo kulikuwa na tambarare ya mpunga na maji matupu, hakuna kitu cha kuyazuia mawimbi. Baba alifurahi sana. Alisema msomi amefanya kazi, nami nilifurahi kwa muda wa dakika tano hivi.

Babu alikuja mpaka barazani, akasikiliza.

"Huko ndiko anakoimba?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, huko ni nchi nyingine.

"Basi mwenzangu bado hujafika," alisema, akarudi kwake.

Nilirudi mjini na ile chanja. Mzee wa duka aliniona kwa mbali, na nilipofika alikwisha kuishusha ile nyembamba na kuiweka juu ya meza. Safari hii nilisema ukweli.

"Nataka kumwona mama."

"Mama amekwenda wapi?"

"Yupo nyumbani."

Aliiegemea meza. "Chuo kimekufanya nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote, kuhusu kwaya, babu, jicho, na ile heshima. Hakucheka. Alisema ningesema hivyo tangu mwanzo asingeniuzia nyavu isiyo yangu. Kituo cha Mbeya, alinieleza, kinarusha mawimbi mafupi kuliko cha ng'ambo, na fito ndefu haziyashiki. "Wewe mtu wa ziwa. Nyavu ya mbasa wakubwa unaipeleka kwa usipa?" Kisha akaongeza, akifuta vumbi kwenye vile vijiti, kwamba Mbeya iko nyuma ya Rungwe, na mlima ule hakuuweka yeye. Hakuahidi kitu.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kwa elimu yangu yote. Nilikuwa na ramani ya kontua niliyotoka nayo chuoni. Nilipiga mstari kutoka Mbeya hadi Ngonga, nikachora mkato wa nchi kwenye karatasi ya grafu, mita kwa mita, na mchoro ukanionyesha wazi kwamba mstari wetu unapita ndani ya mlima, mbali sana chini ya kilele. Hata hivyo niliielekeza antena huko huko kwa dira. Nilipata chenga. Nikarefusha mwanzi kwa kuunga mwingine, nikapata chenga kutoka juu zaidi. Nikabadilisha waya. Nikaikagua dira, labda bati la paa linaivuta. Kila jaribio lilikula betri, na betri ilipoisha niliibeba kwa baiskeli hadi mjini kwa fundi mwenye jenereta na kungoja. Baba alianza kukumbuka, kwa sauti, jinsi picha ya ng'ambo ilivyokuwa safi.

Lililonishangaza, na bado linanishangaza, ni kwamba mara nyingine katika zile chenga nilisikia sauti. Si maneno. Mvumo tu, kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu. Kwa hiyo mawimbi yalikuwa yakifika. Mchoro wangu ulisema hayawezi kufika, na hayo hapo. Yalikuwa yakipita wapi? Nilikaa chini ya mwanzi nikiutazama mlima wa Rungwe kana kwamba una mlango.

Jumamosi asubuhi, ikiwa imebaki siku moja, mama alikuwa akipepeta mchele uani. Aliniuliza tatizo ni nini hasa. Nilimletea karatasi ya grafu. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenifanyia wiki hiyo. Kisha akasema:

"Tulipokwenda kwenye mkutano wa kwaya kule Matema, tuliimba ufukweni. Mwalimu alitugeuza tukaupa uso mlima, tukawapa watu mgongo. Tukamnung'unikia. Baadaye wale waliokuwa nyuma yetu mbali wakasema wao ndio waliotusikia vizuri."

Nikamwambia sauti ya watu na mawimbi ya televisheni si kitu kimoja.

"Sijasema ni kitu kimoja. Nimesema geuza."

Milima ya Livingstone inasimama mashariki mwa ziwa kama ukuta, na Matema iko miguuni pake. Kuielekeza antena huko ilikuwa ni kuigeuza mbali na Mbeya, mahali ambapo hakuna kituo chochote, pana mawe tu, misitu na wauza vyungu wa soko la Lyulilo. Nilifikiria sababu tatu za kutofanya hivyo. Mama alikuwa bado amesimama ananitazama. Niligeuza.

Chenga zilipungua, zikawa nyembamba kama mvua inayokatika, na nyuma yake akaonekana mwanamume anaeleza bei za mazao kwa Kiswahili. Kila kitu kilikuwa mara mbili: mtu na kivuli chake pembeni, vidole kumi kwa kila mkono. Mawimbi mengine yalifika mapema na mengine yalichelewa, yakigonga na kurudishwa kutoka mahali tofauti pa ule ukuta wa milima. Niliingia na kutoka mara nne kuhakikisha. Kisha nikakaa kwenye kizingiti, nikaona aibu kidogo kwa ajili ya karatasi yangu ya grafu, na zaidi ya aibu nikaona furaha ya kujua mawimbi yalikopita.

Mama alirudi kwenye ungo. Bila kuinua kichwa aliuliza, "Babu yako atakuja kutazama?"

Sikuwa nimemwambia. Nilimwuliza nani amemweleza.

"Nimeletewa maneno yake na wewe miaka ishirini. Unadhani sijui anavyokohoa akiwa na jambo lake?"

Nilitaka kumwuliza kama anakubali, na kama akikubali anakubali kwa moyo au kwa ukwe, na kama kuna tofauti. Alipepeta mara kadhaa.

"Akiingia ndani, mimi nitakuwa nje," alisema. Na baada ya kidogo: "Afadhali pale nimevaa joho. Nimevaa vizuri."

Jumapili ilikuwa ya jua. Nilikuwa nimepiga hesabu za kila kitu isipokuwa upepo wa ziwani, ambao huvuma kila alasiri tangu dunia iumbwe na ambao mimi, mwenye shahada ya jiografia na mzaliwa wa hapo hapo, sikuukumbuka. Wiki nzima nilijaribu asubuhi. Saa tisa na nusu mwanzi ulianza kuzunguka, na kila ulipozunguka kidogo picha ilipotea. Kamba hazikusaidia. Ilibidi mtu aushike.

"Mimi niko nje kwa vyovyote," mama alisema, akajifunga kanga kiunoni na kuushika mwanzi kwa mikono miwili, kando ya dirisha, uso wake ukiwa umeelekea ukuta wa matofali.

Ndivyo ikawa kwamba yeye peke yake katika nyumba yetu hakuweza kuiona kwaya.

Babu aliingia. Nyumba ile ilikuwa na miaka kumi na mitano na hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Alivua kofia, akatazama paa, akatazama picha za ubatizo wetu ukutani, akaketi kwenye kiti ambacho baba alimsogezea karibu kabisa na kioo. Majirani tuliwaomba radhi wasije, kwamba betri ni dhaifu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Saa kumi na dakika chache walitokea. Safu nne za majoho meupe, kila mwanakwaya na pacha wake pembeni. Wimbo ulikuwa ule wa kumalizia ibada, ambao babu ameusikia nyuma ya kisogo chake maisha yote. Alisogeza uso, jicho la kushoto mbele.

"Yupi?" aliniuliza.

Nilisogea kwenye kioo nikatafuta. Nilikuwa nimefikiria milima, mawimbi, betri na dhambi. Sikuwa nimefikiria kwamba hatamjua. Na katika zile nyuso ndogo za kijivu, zote maradufu, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, mimi mwenyewe sikumwona mama yangu. Baba ndiye aliyeinuka, akaweka kidole kwenye kioo, safu ya pili.

"Huyu."

Babu alimtazama, na hapo hapo akainamisha macho sakafuni. Mwili ulitangulia. Miaka ishirini na sita ya kukwepa ilimvuta kichwa chini kabla hajaamua. Alikaa hivyo akitazama miguu yake, na mimi nilitazama kingo za kioo. Betri ilikuwa imeanza kuchoka na picha ilikuwa ikisinyaa kutoka pembeni, weusi ukiila safu ya kwanza. Nilitaka kumwambia ainue kichwa. Lakini ni nani anayemwambia babu yake amtazame mkwe?

Upepo ukapiga. Picha ikamezwa na chenga.

Nje, kwa sauti ndogo, mama aliuliza, "Imekaa?"

Aliniuliza mimi. Kazi ilikuwa yangu, ile ile ya hatua kumi. Ningepaswa kusema haijakaa, geuza kulia. Lakini nilikuwa bado nimesimama na maneno ya babu kichwani, nikijiuliza kama nimesaidia au nimeharibu, na sekunde zikapita.

"Bado, mama," babu alisema, akilielekea dirisha. "Rudisha kulia kidogo. Matema. Matema."

Baba alinitazama. Mwanzi ulikwaruza ukuta. Zile chenga zikapungua, yakarudi majoho.

"Hapo," babu alisema. "Imekaa. Usiiguse."

Kisha akainua macho, na safari hii hayakushuka. Kamera ilikuwa ikipita polepole kwenye safu ya pili, uso kwa uso. Ilipofika kwa mama ilikaa, labda kwa pumzi mbili. Picha nzima haikuzidi tena ukubwa wa sahani. Babu alikuwa karibu nayo kiasi kwamba pumzi yake iliacha ukungu juu ya kioo, akaufuta kwa mkono wa koti. Picha ikawa sahani ndogo, ikawa kiganja, ikawa nukta nyeupe katikati, kisha haikuwepo.

Alivaa kofia yake. "Kumbe hufumba macho akiimba," alimwambia baba, akatoka kwa mlango wa mbele.

Nilizunguka nyuma ya nyumba kumwambia mama kwamba betri imekufa, imekwisha, anaweza kuuachia mwanzi. Alikuwa palepale, paji la uso limegusa matofali, mikono yote miwili imekaza hadi mishipa imesimama. Nilimwambia mara mbili. Hakugeuka.

"Ameniambia nisiiguse," alisema.